Mama Mkwe, Matumbawe na Pasi

Leo nimeumbuka, jamani.

Nina tangi jipya la matumbawe sebuleni. (Ya kufugwa, yana kibali. Msinishtaki.) Leo baada ya swala ya Ijumaa alikuwa aje Bwana Salim, mwenye hoteli huko Watamu, kuyatazama. Akiyapenda, ananipa kazi ya kutunza tangi la hoteli yake. Sina kazi tangu Ramadhani, kwa hiyo hii naitegemea sana.

Asubuhi yalikuwa yamechanua: zambarau, kijani, waridi. Mama mkwe, mgeni wetu kutoka Mambrui, akainama kwenye kioo. "Lo! Uzuri gani huu!" Akaenda zake jikoni kwa bintiye, mke wangu Rukia.

Mimi nikapiga pasi kanzu palepale kando ya tangi. Nyumba ikatulia. (Nikadhani ni baraka ya Ijumaa.) Nikaenda msikitini.

Kurudi, yote yamesinyaa! Rangi zimefifia, yamelala kama mchicha uliochemshwa. Nikapima chumvi: sawa. Joto: sawa. Bwana Salim yuko njiani! Nikakumbuka: mama kasifu bila kusema mashaallah. Kijicho hicho!

Hofu ikanitoa adabu. Nikaingia jikoni.

"Mama, samahani. Hebu njoo useme mashaallah."

"Niseme kwa nini?"

"Uliyasifu hivihivi tu, mama. Sasa yanakufa."

Mwiko ukamponyoka Rukia. Mama akajitanda leso taratibu. "Kumbe mimi nina kijicho, mkwe wangu."

Akasimama mbele ya tangi. "MASHAALLAH!" Mtaa mzima ulisikia. Matumbawe, wapi! Hayakutikisika.

"Hodi!" Bwana Salim huyo. Akalitazama tangi, akatega sikio. "Mbona maji hayazunguki? Pampu umeizima?"

Sote tukafuata waya kwa macho. Plagi ya pampu iko sakafuni. Kwenye soketi kuna pasi. Pasi yangu! (Ardhi ilikataa kupasuka.)

Mama akaigeukia. "Mashaallah, pasi nzuri," akasema kwa upole, akaingia chumbani.

Pampu imerudishwa, matumbawe yameanza kufunguka. Bwana Salim kaondoka akijizuia kucheka, kasema atanipigia. Mama bado yuko chumbani na Rukia. Mlango umefungwa.

Naombeni msicheke. Mkishindwa, chekeni polepole, asisikie.