Tharsisi, Bibi na Nafasi Yangu ya Biashara

Jumatano, 23 Julai 2014

Matokeo ya kidato cha sita yametoka. Uchumi D, Biashara C, Uhasibu D. Si mabaya. Tatizo ni Tharsisi, niliyekaa naye dawati moja miaka miwili. Kapata B tatu. Naye anaomba shahada ya biashara, chuo kilekile cha Dar. Hawawezi kuchukua wawili kutoka Kasulu. Hakuna aliyeniambia, nimefikiria mwenyewe.

Maombi yanafungwa keshokutwa. Kompyuta yenye mtandao wiki hii ni moja tu, ya Nurudini mwenye stationery. Lazima Tharsisi asiifikie.

Udhaifu wake naujua: ana adabu kupita kiasi. Hampiti mzee bila salamu kamili ya Kiha, yaani kuinama, makofi ya polepole, habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, mpaka mkubwa mwenyewe aridhike. Na Bibi yangu Josepha wa Busunzu haridhiki upesi. Nimempigia simu aje. Nimesema nimemkumbuka sana.

Alhamisi, 24 Julai

Bibi kafika. Nimemkalisha kwenye benchi mlangoni kwa Nurudini. Saa nne Tharsisi huyo, vyeti kwapani. Akainama, makofi yakaanza. Nikachomoka kuingia ndani.

Kiti cha Nurudini kitupu! Naye katoka kumsalimia Bibi. Baba yake ni wa Tanga, lakini yeye kakulia hapahapa na makofi anayajua kuliko mimi. Neno la siri la kompyuta analo yeye peke yake. Kisha Bibi akaniita na mimi, akauliza ni mjukuu gani anajificha watu wakisalimiana. Nikatoka, nikainama. Walipofika kwenye habari za marehemu, umeme ukakatika. Haukurudi.

Ijumaa, 25 Julai

Siku ya mwisho. Nilimsihi Bibi arudi Busunzu. Kakataa. Kasema Kasulu ina watu wazuri.

Umeme umerudi saa tano na nusu. Nurudini akasema anafunga kwenda sala ya Ijumaa, muda unatosha mtu mmoja. Bibi akamshika Tharsisi mkono akamkalisha kitini, eti huyu ndiye aliyemsalimia vizuri. Machozi yalinilenga. Tharsisi akainuka. Alisema nianze mimi, kwa kuwa Bibi amesafiri kwa ajili yangu. Sikubisha hata kidogo. Nikajaza, nikatuma.

Alasiri Nurudini alifungua tena kwa ajili ya Tharsisi. Nilimwomba Mungu mtandao ukatike. Haukukatika.

Jumanne, 16 Septemba

Nimechaguliwa. Shahada ya biashara, Dar es Salaam. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi mbele ya stationery. Miezi miwili sijalala vizuri, leo nimekula ugali sahani mbili.

Tharsisi naye kachaguliwa. Nurudini anasema kozi hiyo haikujaa, waombaji walikuwa wachache kuliko nafasi. Kwa hiyo mpango wangu ulifanya kazi.

Jumatano, 17 Septemba

Tharsisi anataka tusafiri pamoja. Nimetafakari. Akichelewa kidogo, wahadhiri watanizoea mimi kwanza. Nimemwambia chuo kimesogeza siku ya kufungua, wiki moja mbele. Kanishukuru kwa kumjulisha.

Kisha kamweleza Bibi, ambaye tangu Julai hajarudi kwake. Bibi kafurahi sana. Kasema Mungu amempa wiki nzima ya mjukuu wa kumlimia shamba kule Busunzu, mvua hizo zinakuja. Tharsisi kajitolea kuja kunisaidia. Nikikanusha, nimejiumbua.

Nimewaambia mgongo unaniuma vibaya, siwezi hata kuinama. Wameamini wote wawili. Tharsisi ameenda kuteka maji, Bibi anayachemsha anikande.