Fundi Sumaili Aliyefia Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mulengezi, njia ya Wamaza,
Teritwari ya Kabambare,
9 Machi 1952

Kwa Bwana Daktari Goossart, mtafiti wa desturi za watu, Bruseli

Bwana Daktari Mtukufu,

Pokea heshima zangu, mimi Sumaili Lukumani, fundi wa cherehani, marehemu. Nilifia ukurasa wa arobaini na moja wa kitabu chako. Célestin, mwalimu wa misioni, alitusomea Kifaransa chake barazani kwangu, akafika pale ulipoandika kwamba Mulengezi haina mwanamume hata mmoja, ni wajane watupu thelathini na sita, na kwamba ulimwona kwa macho yako Mwanvua, mjane wa Sumaili. Mkasi uliniponyoka mkononi.

Sikukasirika, Bwana. Mimi nani nibishane na kitabu chenye picha? Nakuletea tu mashauri machache, ili kitabu chako cha pili kipite hiki kwa uzuri.

1. Kuingia kijijini. Ulikuja na daftari, na polisi wawili mbele. Huku kwetu mutu wa daftari ni mmoja tu: yule anayeandika wanaume wa kupeleka machimboni. Ndugu yangu Abedi aliandikwa hivyo miaka mitatu iliyopita, na mpaka leo hajarudi, wala hatujui alizikwa au la. Basi ngoma ya mti ilipolia, wanaume wakaingia msituni kabla gari lako halijavuka mto. Wanawake wakakaa milangoni na kusema wanayosema siku zote: bwana yangu alikufa. Wewe ukaandika. Wajane thelathini na sita, na hukuuliza hata makaburi iko wapi! Hongera.

2. Kuhesabu. Uliandika kwamba wajane hao wana watoto wachanga kumi na tisa, ukasema ni fumbo linalohitaji utafiti zaidi. Ayee, Bwana Daktari! Nakusaidia bure: si fumbo.

3. Kukaa. Ulikaa tangu saa tatu mpaka saa saba, ukaondoka. Ungevumilia mpaka jioni, ungewaona marehemu wakitoka msituni mmoja mmoja, wameumwa na siafu, wanauliza bugali. Na kama ungefunua chungu cha Mwanvua, ungekuta sombe, majani ya muhogo, ya kushibisha watu watano. Mtafiti asiyefunua chungu anatafiti nini?

4. Picha. Chini ya picha ya mke wangu umeandika "Machozi ya mjane". Ni moshi wa kuni mbichi. Nyuma yake, mlangoni, kinaonekana kitu cheusi, nawe umeandika kwamba ni sanamu ya mti ya kumkumbuka marehemu. Bwana, ule ni mguu wangu! Nilikuwa namaliza mkono wa shati, ngoma ikanikuta nimechelewa, nikajificha nyuma ya mlango. Mimi mutu wa kuswali mara tano, sanamu nyumbani mwangu! Hapo, kweli, niliumia.

5. Kuchapa. Kabla ya kuchapa, uwasomee uliowaandika. Sisi tungekusahihishia kwa kikombe cha chai. Sasa kitabu kimefika Kasongo, na mabaya yameanza. Nilikwenda kuomba ruhusa ya njia. Karani akafungua kitabu, akaniambia kwamba marehemu hasafiri. Kisha Amisi wa Nyangwe alisikia habari ya mjane, akaja na mbuzi kumposa mke wangu. Alikaa kwenye kiti changu, akanipa pole kwa kufiwa na kaka, maana alidhani mimi ni mdogo wa marehemu. Nilipomwambia Mwanvua amfukuze, akajibu kwamba tumchinje mbuzi kwanza.

Kwa hiyo naomba uchape kitabu upya, unifufue, na wenzangu wote. Nimefunga humu orodha ya wanaume wote wa Mulengezi, kila mutu na jina lake, umri wake na nguvu zake, nakala moja upeleke ofisi ya Kabambare. Hapo ukweli utakuwa kamili.

Unisalimie mama aliyekuzaa, mke wako, watoto, na yule mwenye mashine ya kuchapa. Mungu akuzidishie macho.

Mimi niliyekufa bila kuugua,
Sumaili Lukumani

Nyongeza. Nilikuwa nafunga bahasha, ngoma ikalia. Alikuja mwenye daftari wa machimbo, na kitabu chako kwapani. Zamani angeingia msituni na polisi. Leo hakushuka hata garini. Aliwatazama wanawake, akafungua ukurasa wa arobaini na moja, akageuza gari. Mwanvua akachukua orodha yangu, akaitia motoni chini ya chungu.

Bwana Daktari, usisahihishe kitu. Sanamu iko ni sanamu. Wakikuuliza habari ya barua hii, waambie imeandikwa na marehemu, nani ataiamini? Ila kosa moja urekebishe, nakuomba kwa magoti. Mtoto wetu Atumani hukumwandika popote, na mwezi huu ametimiza miaka kumi na minane, umri wa kuandikwa machimboni. Chapa upya, Bwana, umuue na yeye.