Kamati ya Kuhakikisha Hakuna Anayesikiliza

Serikali, kwa moyo wake mkunjufu, ilitangaza kwamba siri ya mwananchi haitavuja tena katika chumba cha ushauri nasaha. Ili hilo lisimamiwe kikamilifu, Mkurugenzi wa Faragha aliunda kamati itakayokaa ndani ya chumba, mwenye huzuni akizungumza, ihakikishe kwamba hakuna anayesikiliza.

Fundi Geti, mchomeleaji, alikuwa amefiwa na mkewe. Tangu mazishi, neno moja lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, naye alitaka kumwambia mtu mmoja tu. Alipofungua mlango wa mshauri, akakuta benchi limejaa.

"Karibu, baba," alisema mshauri, binti mpole. "Hawa wasikutishe. Ni faragha yako."

Faragha yake ilikuwa mwenyekiti, mhasibu, dereva, na mama wa masijala aliyekuwa akimenya karanga.

Fundi Geti akanong'ona: "Nalala nimevaa gauni la marehemu. Bado lina harufu yake."

"Paza sauti, mzee!" dereva akalalamika. "Tutalindaje tusichokisikia?"

Akarudia.

"La maua au la rangi moja?" aliuliza mama wa masijala.

"La maua."

Mwenyekiti akatamka kwamba siri imepokelewa na iko katika mikono salama.

Kufika karakana, muuza mkaa akamlaki: "Mama Geti, hujambo? Mbona leo umevaa suruali?"

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Fundi Geti alifunga karakana jua likiwa utosini. Wakubwa hawa hawa wa serikali ndio waliomwambia mkewe, akiwa hospitalini, amsubiri daktari aliyekuwa semina. Akasubiri mpaka roho ikamtoka. Sasa walikuwa wamemvua marehemu hata gauni.

Akaenda kwa Mkurugenzi kulalamika. Mkurugenzi alimshika mkono kwa furaha.

"Tumekutafuta sana! Kanuni inadai mjumbe wa wananchi asiye na siri yoyote. Wewe umebakiwa na nini?"

"Sina kitu, mheshimiwa."

"Umeteuliwa."

Basi akakaa kwenye benchi, akala karanga za watu, akilinda faragha.

Siku moja mlango ulifunguliwa, akaingia Mkurugenzi mwenyewe, tai imepinda, macho mekundu. Mkewe alikuwa amefungasha virago.

"Tokeni nje wote!"

"Waraka wako unakataza, bosi," mshauri akamkumbusha. "Tukibaki wawili, nani atashuhudia kwamba siri haikuvuja?"

Mkurugenzi akawatazama mmoja mmoja. "Siwezi kusema mbele yenu. Midomo yenu ni chekecheke! Kamati hii ni upuuzi mtupu. Leo hii naivunja!"

"Umeyasema haya ukiwa kwenye kiti cha ushauri?" aliuliza mwenyekiti.

"Ndiyo!"

"Basi ni siri yako. Barua ya kutuvunja itataka sababu, na sababu haiwezi kutoka humu. Tumekula kiapo."

"Kiapo chenyewe nilikitunga mimi!"

"Nacho ni kizuri sana, bosi."

Mkurugenzi akashusha pumzi, akaegemea kiti. Fundi Geti akasogea mbele, sauti imejaa huruma ya kiserikali.

"Haya, baba, tua mzigo. Shemeji kaondoka na nani?"

Nje ya dirisha, makarani wa Mkurugenzi, waliokuwa wakipiga soga, wakanyamaza wote kwa pamoja.