Zamu ya Kugeuza Mayai

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwisha! Nimepangwa kundi moja na watu wasiofaa.

Mwalimu wa ufugaji wa kuku amegawa makundi leo. Kila kundi litengeneze sanduku la kutotoleshea vifaranga, liweke mayai, liyatunze wiki tatu, vifaranga watoke. Hakuna mtihani wa kuandika. Nikashangilia moyoni. Halafu akasoma majina.

Wa kwanza ni Niko Njiani. Ndilo jina analojulikana nalo chuo kizima. Ukimpigia simu anasema yuko njiani, na nyuma yake unasikia maji ya kuoga. Wa pili ni Kimya. Huyu binti anasoma kila ujumbe unaomtumia na hajibu hata herufi moja. Sijawahi kusikia sauti yake sawasawa, na tumekaa dawati moja muhula mzima.

Na mimi siwezi kufeli. Somo hili nililifeli mwaka jana. Shangazi, ninayeishi kwake, ameniambia kinagaubaga: nikifeli tena, chuo basi, nakwenda kubeba magodoro dukani kwa mjomba. Mjomba naye hana subira. Ameshaniletea ovaroli ya bluu yenye jina la duka mgongoni. Inaning'inia nyuma ya mlango wa chumba changu. Nikifunga mlango tu, hiyo hapo.

Tumefanya uchaguzi wa mwenyekiti wa kundi. Nilipendekeza jina langu, nikajipigia kura, nikatoa shukrani. Kimya hakupinga. Niko Njiani alikuwa njiani.

Alhamisi, 6 Machi

Mayai yameingia sandukuni!

Nikiri, sanduku ni kazi ya Kimya. Alishinda karakana siku mbili, akapima, akakata mbao, akafunga balbu na kipimajoto. Niko Njiani alileta mayai kutoka kwa bibi yake, mwenye kuku na jogoo wa kuaminika. Alichelewa kwa saa tatu, lakini hakuna hata yai moja lililopasuka. Mimi nilileta sponji ya kufunika ndani, ili joto lisitoroke. Nilimwomba mjomba. Mjomba alinipa kipande cha godoro na kuniuliza viatu ninavaa namba ngapi. Sikupenda swali hilo.

Sanduku liko stoo nyuma ya banda la kuku, ufunguo uko kwenye msumari. Mwalimu amesisitiza kwamba mayai lazima yageuzwe kila siku, la sivyo kifaranga anagandia ganda na kufa. Kwa hiyo nikatunga sheria. Kila yai nimelichora kwa penseli: upande mmoja msalaba, upande mwingine duara. Asubuhi msalaba juu, jioni duara juu. Rahisi hata kwa Niko Njiani. Nimewaandikia wote kwenye simu, kwa herufi kubwa.

Zamu: asubuhi Kimya, jioni Niko Njiani. Mimi nimejipa usimamizi. Kuna watu watasema usimamizi si kazi. Hao hawajawahi kusimamia.

Jumapili, 9 Machi

Sina imani nao. Jana nimeandika kundini kuuliza kama kazi inaendelea. Niko Njiani akajibu yuko njiani. Kimya akasoma, akauchuna. Nimelala vibaya. Nimeota nimebeba godoro kubwa ngazini na ngazi haziishi.

Kwa hiyo nikatega mtego. Jana jioni nilichukua uzi mweusi kwenye kikapu cha cherehani cha shangazi, nikaufunga juu ya kifuniko cha sanduku, mwembamba usionekane. Uzi ukikutwa umekatika, mtu amefungua. Uzi ukiwa mzima, nimewanasa.

Leo nikaenda stoo. Nikafungua sanduku haraka nione kama mayai yamegeuzwa. Ndipo nikakumbuka uzi. Nilikuwa nimeushika mkononi, vipande viwili.

Shangazi anauliza nani amechezea uzi wake. Nimesema panya.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewanasa! Bila uzi!

Leo nimeamka mapema. Shangazi aliniwekea mkono kwenye paji la uso, akaniuliza ninaumwa au nimepata mchumba. Saa moja kamili nilikuwa stoo. Hakuna mtu. Nikafungua sanduku. Msalaba juu! Mayai yote! Na sheria niliyoitunga mwenyewe inasema asubuhi ni duara. Nakumbuka vizuri kwa sababu jua ni duara. Kumbe tangu jana hajaja mtu!

Ningewatumia ujumbe wa matusi, lakini hapana. Akili. Nitayageuza mimi mwenyewe, kila asubuhi, bila kusema neno. Nikifika mbele ya mwalimu nitawafunua. Nikayageuza yote, moja moja, duara juu, kwa mikono hii iliyoumbwa kushika vitabu. Nimejionea huruma na fahari kwa wakati mmoja.

Ijumaa, 14 Machi

Kila asubuhi hadithi ni ile ile. Msalaba juu tena, sijui yanajirudishaje, mimi nageuza. Mgongo unauma. Hawa wawili wangekuwa kuku, bibi yake Niko Njiani angeshawauza.

Na uongo wao una ustadi! Jana jioni Niko Njiani ameandika kundini kwamba kila akienda zamu yake anakuta duara juu tayari, kwa hiyo harudii kuyageuza, na anamshukuru yeyote anayemsaidia. Anakuta tayari! Mtu hafiki kazini halafu anashukuru! Nimemjibu kwamba asante imepokelewa. Nilifikiri ataona haya. Akanitumia vidole gumba vitatu.

Halafu muujiza: Kimya ameandika! Amesema yeye huacha msalaba juu, akauliza ni nani anayeyagusa mayai baada yake. Nikashtuka. Wanaelekea kugundua mpango wangu. Kama mwenyekiti nikamjibu kwamba kila mtu ashughulike na zamu yake, mambo ya usimamizi hayamhusu. Akasoma. Hakujibu.

Nimemweza.

Jumanne, 18 Machi

Hatua ya mwisho ya mpango. Nimekwenda ofisini kwa mwalimu.

Nilimkuta anafuta miwani. Nikamweleza kwa uchungu kwamba kundi langu linabebwa na mtu mmoja, na kwamba mtu huyo hapendi kujisifu. Akauliza ni nani. Nikainamisha kichwa kidogo, ajionee mwenyewe.

Akasema kwa kawaida yeye hutoa alama moja kwa kundi zima. Hata mayai yasipoanguliwa, kundi lenye sanduku zuri na linaloweza kueleza lilipokosea hupita bila shida. Lakini kama ninataka, kwa kundi letu atampima kila mtu kwa mchango wake mwenyewe. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Mwalimu mwangalifu sana huyu.

Nikasema nina hakika. Nikasema ninaomba sana! Nikamshika mkono kwa mikono miwili.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Nimeifunika ovaroli kwa taulo.

Jumatatu, 24 Machi

Kugeuza kumekwisha. Mwalimu amesema siku hizi za mwisho mayai yaachwe yatulie, vifaranga wajipange kutoka. Niliyatazama mayai yangu kwa mara ya mwisho. Ndiyo, yangu. Yote yametulia, isipokuwa moja la pembeni ambalo halijawahi kuwa na adabu. Trei imeinama kidogo upande ule, kwa hiyo kila mara kifuniko kikifunguliwa, lenyewe linabingirika linavyotaka. Nililikemea siku za mwanzo, kisha nikaliacha. Haiwezekani kusimamia kila kitu.

Nimeandaa hotuba ya Alhamisi. Ina sehemu ya masikitiko na sehemu ya msamaha. Nimeisoma mbele ya kioo. Katika sehemu ya msamaha nilikaribia kulia.

Nimemwambia shangazi atafute mtu mwingine wa kumpa ile ovaroli. Akasema tusubiri.

Alhamisi, 27 Machi

Sijui nianzie wapi.

Chumba cha maonyesho kilijaa sauti za vifaranga. Kila meza ilikuwa inalia piyo piyo. Meza yetu ilikuwa kimya kuliko Kimya. Niko Njiani alikuwapo kabla yangu, jambo ambalo lingenitia wasiwasi kama ningekuwa na akili. Mwalimu akafungua kifuniko. Mayai, mayai, mayai. Na kifaranga mmoja tu pembeni, amelowa, anatukodolea macho.

Mwalimu akachukua yai moja ambalo halikuanguliwa, akalipasua taratibu. Ndani kifaranga alikuwa amekua vizuri, kisha akagandia ganda upande mmoja. Akapasua la pili. Vivyo hivyo. Akasema joto lilikuwa zuri, mayai yalikuwa na mbegu, lakini hayakugeuzwa.

Moyo ukaruka kwa furaha. Aibu yangu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikatoa hotuba mfukoni.

Mwalimu akamuuliza Kimya kwanza. Kimya akasema kila siku saa kumi na mbili asubuhi alikuwa stoo, na aliacha msalaba juu. Akamuuliza Niko Njiani. Huyo akasema anaweza kuchelewa harusi yake mwenyewe, lakini mayai ni ya bibi yake, hivyo alifika kila jioni, na kila jioni alikuta duara juu tayari. Mlinzi wa lango, aliyekuja kuangalia vifaranga, akadakia kwamba wote wawili amewaona kila siku wakipita.

Nikasimama. Nikatangaza kwamba nimesikia uongo wa kutosha. Nikasema kila asubuhi saa moja ni mimi niliyekuta msalaba juu na kugeuza duara juu, kama sheria inavyotaka, peke yangu, bila kuomba shukrani!

Hakuna aliyepiga makofi.

Niko Njiani akatoa simu, akatafuta tafuta, akasoma kwa sauti ujumbe wa mwenyekiti wa tarehe sita. Herufi kubwa zote. ASUBUHI MSALABA JUU.

Nikasema lakini jua ni duara. Nilijisikia nikilisema. Sikuweza kulirudisha.

Mwalimu akaeleza darasa lote kwa kugeuza kiganja chake. Kimya anageuza. Saa moja baadaye mwenyekiti anarudisha. Jioni Niko Njiani anakuta kazi imeshafanyika. Wiki zote hizo mayai yamelala upande mmoja, kama mimi wakati wa likizo. Na huyu mmoja aliyetoka? Akainamisha trei, akaonyesha jinsi yai la pembeni lilivyokuwa likibingirika lenyewe. Akasema hilo ndilo yai pekee lililonusurika na usimamizi. Darasa likaangua kicheko. Hata vifaranga walionekana kucheka.

Kisha alama, za kila mtu kwa mchango wake, kama mwenyekiti alivyoomba. Kimya amepita kwa sanduku. Niko Njiani amepita kwa mayai na kwa kufika kila siku. Mimi akaniuliza nilichangia nini. Nikasema sponji. Akauliza niliipata wapi. Nikasema kwa mjomba. Akasema mjomba amepita.

Nikamwomba turudie utaratibu wa alama moja kwa kundi zima. Nilimwomba kwa kweli, nimekunja mikono, mbele ya watu wote. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu, akasema aliniuliza mara mbili.

Masikio yaliniwaka moto. Nilitamani kuingia ndani ya lile sanduku na kufunikwa. Watu walipotawanyika Kimya akaja, akaniwekea yule kifaranga kiganjani. Alikuwa na joto. Kimya akasema maneno mawili tu.

"Ungeuliza tu."

Nimelia njia nzima. Nyumbani shangazi alikwenda nyuma ya mlango wangu, akaondoa taulo.

Jumatatu, 31 Machi

Siku ya kwanza kwa mjomba. Ovaroli imenikaa sawasawa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mjomba amenipokea kwa mikono miwili, akasema karibu mpwa wangu, alijua tu. Viatu pia vimenienea.

Duka lina msukosuko. Mvua ya juzi imevuja stoo, magodoro yamelowa, na yakipata ukungu mjomba amekwisha. Lazima yageuzwe asubuhi na jioni mpaka yakauke. Mjomba amesema niwasaidie wafanyakazi wake wawili. Nimewachunguza. Mmoja anapiga mluzi wakati wa kazi. Mwingine, ukimsalimia, anaitikia kwa nyusi. Watu wa namna hii nawajua mimi!

Kwa hiyo nimetumia mafunzo ya chuo. Kila godoro nimelichora kwa chaki, upande mmoja msalaba, upande mwingine duara. Nimewapangia zamu: asubuhi Mpiga Mluzi, jioni Nyusi. Mimi nimejipa usimamizi. Mjomba amekuna kichwa, akasema, haya.

Ila sitawaamini kijinga. Kuanzia kesho nitafika mapema, bila wao kujua, nihakikishe mwenyewe. Na safari hii sheria sijaiandika popote, ili asije mtu kunisomea mbele za watu. Iko kichwani mwangu, salama. Asubuhi ni duara. Au nimewaambia msalaba? Hapana, ni duara. Jua ni duara.