Meza Ndani ya Bafu la Wachimba Makaa

Jumatatu, 13 Mei

Mvua imekatika. Magoti yanauma, moyo mweupe. Mji mzima wa Tskaltubo unaongea jambo moja: kampuni fulani ya Tbilisi imenunua Sanatoria ya Wachimba Makaa. Lile jumba la tiba lililokufa siku ileile Warusi walipoondoka! Ijumaa wanamleta bwana mmoja achague mlinzi. Wanataka mzee wa hapahapa anayelijua jumba, awazungushe pia wageni wanaokuja kupiga picha magofu. Mzee huyo ni nani kama si mimi, Bichiko? Ujana wangu wote nilichochea tanuri pale chini.

Lamara, mke wangu, hakuficha kitu. Nikiikosa kazi hii, tunahamia kwa binti yetu Kutaisi. Ghorofa ya tano. Lifti mbovu. Hakuna mzabibu, hakuna kuku, na mkwe wetu Zurabi anakunywa bia kwa mrija. Bora mnizike na buti zangu.

Kikwazo ni kimoja tu: jirani Mamanti. Enzi zile alikuwa mkandaji wa sanatoria. Anadai alimkanda jenerali. Alimkanda dereva wa jenerali. Sasa ametia kufuli lake mwenyewe mlango wa mbele, na ufunguo anauning'iniza kifuani kama askofu.

Jumanne, 14 Mei

Nimepenya kwenye tundu la ukuta, upande wa chumba cha kufulia. Ukaguzi kamili. Mtini umeota katika ofisi ya mganga mkuu, umestawi kuliko alivyostawi yeye. Ukumbi wa sinema amelala ng'ombe wa Mamanti. Mbao za sakafu wezi wamezing'oa zote. (Zilizo jikoni kwetu si za wizi. Hizo niliziokoa.)

Nikapotea. Mimi! Nilizunguka muda mrefu upande wa vyumba vya wanawake, ambako enzi zile tulikatazwa kukanyaga, angalau ndivyo nilivyomwambia Lamara. Kisha sakafu ikaachia na mguu wangu wa kulia ukazama mpaka pajani. Mamanti alikuwa chini anamtoa ng'ombe. Aliuliza kwa adabu zote kama huo mguu unaoning'inia darini ni wa mtu anayemfahamu. 

Nilipojinasua nikashuka, nikatokea penye bafu kubwa la duara. Kavu. Marumaru tupu, ngazi pande zote, na juu ya kuba tundu la mwanga. Nikakaa katikati, wazo likanijia.

Jumatano, 15 Mei

Wazo lenyewe: bwana wa Tbilisi nimwandalie meza mle bafuni! Mtu ameshakula kuku wangu, atawezaje kumpa kazi mwingine?

Nimebeba mlango wa chumba cha eksirei, nimeulaza juu ya matofali. Meza tayari. Lamara nimemwambia chakula ni cha kumkumbuka marehemu Valiko, mchochea tanuri mwenzangu. Akalia, akachinja kuku wawili. Valiko ni mzima, anaishi Zestaponi. Nitamwombea.

Mamanti nimemdokezea kwamba bwana anakuja Jumamosi. Akanishukuru. Akanishukuru sana. Hapo ilibidi nishtuke.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua. Kuba lina tundu. Hilo sikulifikiria. Siku nzima nimechota maji bafuni kwa ndoo.

Ijumaa, 17 Mei

Bwana mwenyewe kijana, Tornike, viatu vyeupe. Nikampitisha tundu la chumba cha kufulia. Viatu vyeupe basi tena. Lakini alipoona meza, kuku, mkate wa jibini na jagi la divai yangu, uso ulichanua.

Hajameza tonge la kwanza, juu ya ngazi katokea Mamanti! Kavaa koti lake jeupe la ukandaji, kabeba chupa ya gongo ya zabibu. Kwetu mtu akikukuta mezani unamkaribisha, hata akiwa amekuja kukuchomea nyumba. Nikamkaribisha.

Na meza haiendi bila tamada, mkuu wa meza. Ndiye anayeamua tumnywee nani, yaani tuinue glasi kwa heshima ya nani, na bila ruhusa yake hufungui mdomo. Mwenye chakula hajiteui. Nikamteua mgeni, nikijua kwa heshima atanirudishia mimi. Kwa heshima akampa mkubwa kwa umri. Mamanti ananizidi wiki chache!

Akasimama, glasi juu.

"Tumnywee Bichiko. Moyo wake umechoka, lakini anacheka. Juzijuzi mguu wake ulipita darini, hakulalamika hata kidogo. Binti yake anamngoja Kutaisi amtunze, na yeye bado anahangaika kwa ajili yetu. Jamani, mwanamume huyu tumwache apumzike."

Nyoka! Ila alisema vizuri, machozi yalinitoka. Na kwetu ukisifiwa lazima usifu zaidi. Ukizidiwa, hata wajukuu watakumbushwa. Nikapanda ngazi ya bafu.

"Mamanti, mzee mwenzangu. Watu walifika hapa kwa machela, wakatoka wanacheza, kwa mikono yako. Mimi nilipotea humu Jumanne. Wewe ungepita umefumba macho. Hakuna bomba wala ufa usioujua. Bila wewe jumba hili ni mawe tu. Akitokea wa kulilinda zaidi yako, glasi hii nitaitafuna."

 Tornike akafuta macho, akanibusu. Mamanti, tamada mzima, akaiweka glasi yake chini, akaketi. Nilimshinda! Nilimshinda kabisa!

Nilirudi nikiimba. Nilipogusa geti letu ndipo nikakumbuka tulikuwa tunagombea nini.

Jumamosi, 18 Mei

Kazi kapewa Mamanti. Tornike kamwambia hajawahi kusikia mtu akipendekezwa namna ile.

Ila mjini ni mimi tu! Kwenye duka la mikate wamesimama wote kwa heshima yangu. Mamanti mwenyewe kaja na jagi la divai, kakiri kwamba alikuwa na maneno mengine matatu, lakini baada ya yangu aliona aibu kuyatoa. Heshima hiyo.

Valiko amepiga simu kusalimia. Lamara ndiye aliyepokea. Tangu hapo anafunga masufuria bila kunisemesha.

Kesho Zurabi analeta lori kutuhamisha. Sina wasiwasi, nimeshapata njia. Nitamwandalia meza. Nitamnywea kwanza yeye, kisha nyumba yake, kisha ghorofa ya tano: hewa ile, milima ile dirishani, bahati ya mzee atakayezeekea pale karibu na mawingu. Akishalainika, ndipo nimwombe atuache hapahapa.

Maneno nimeyajaribu mbele ya kuku waliobaki. Matamu mno. Hata mimi nilitamani kwenda.