Mawimbi, Msauzi na Kiatu Kilichobaki Itiryo

Jamani, leo nimeaibika. Siwezi hata kukana, maana ushahidi uko juu ya paa kule Itiryo, na ukipita barabarani unauona.

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi na mke wangu Mugesi tunaanzisha kiwanda kidogo cha mabati hapa Tarime mjini. Tumeuza ng'ombe. Tumeuza kiwanja cha Sirari. Tumebaki na kitanda na viatu tulivyovaa. Sasa, mashine ya kukunja bati ina jambo moja: rola zake hutoa umbo moja tu. Ukichagua msauzi, yale mabati ya kisasa ya migongo mipana, utatoa msauzi mpaka uzeeke. Ukichagua mawimbi, yale ya zamani, ni mawimbi mpaka kaburini. Na fundi anayetuagizia mashine alitaka jibu leo kabla jua halijazama.

Mimi nilitaka msauzi. Mugesi alitaka mawimbi. Wiki mbili tumelala tumepeana migongo (mipana).

"Mwita," aliniambia asubuhi, "nani kijijini anaezua paa zima? Watu wanatafuta bati moja la kuziba palipooza."

"Msauzi linalala vizuri tu juu ya mawimbi," nikasema.

"Umeona wapi?"

Sikuwa nimeona popote. Lakini mwanaume akishasema, amesema. (Matatizo yangu yote huanzia hapo.) Nikamwambia naenda Itiryo, nyumbani kwao, kupiga picha ya msauzi likiwa limelala juu ya paa la mawimbi la jiko la mama yake. Nikachukua kipande cha bati la msauzi chenye urefu wa mkono, nikapanda bodaboda.

Kwa msiojua mila zetu Wakurya: mwanaume na mama mkwe wake hawazoeani. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Ukimwona njiani unaingia hata kwenye mahindi. Nimemwoa Mugesi miaka tisa, na mama yake namjua kisogo tu. Kwa hiyo nilianza kwa baba mkwe, niliyemkuta anafungua zizi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yenu kaenda gulioni. Unataka nini na hilo bati?"

Nikamweleza. Akanitazama, akalitazama bati, akanitazama tena.

"Panda, mura, kijana wangu. Ngazi ile pale." Akaenda zake kunywesha ng'ombe.

Nikapanda. Nikaweka kipande changu juu ya mawimbi. Hakikukaa. Nikakigeuza. Hakikukaa. Kikaegemea upande mmoja kama mlevi. Nikajiambia labda ni simu tu inavyokionyesha, nikarudi nyuma hatua moja ili picha itoke vizuri.

Jamani! Kila siku mimi ndiye ninayewaambia watu: juu ya paa kanyaga kwenye mstari wa misumari, maana chini yake ndiko kuna mbao. Mimi huyu huyu! Nikakanyaga katikati.

Kraa! Mguu wa kulia ukazama mpaka pajani. Nusu yangu ikabaki nje, nusu ikaingia jikoni. Kiatu kikanivuka, nikasikia kinatua kwenye kitu laini. Pwa!

Halafu chini yangu mwanamke akashtuka, "Yii!"

Mama mkwe alikuwa ameona mawingu, akarudi mapema kutoka gulioni kwa njia ya nyuma, akabandika uji. (Moshi niliuona unapenya kwenye matundu ya misumari. Nikadhani ni moto wa asubuhi. Akili ni nywele, na mimi nina kipara.)

Mimi siwezi kushuka, mguu umenasa. Yeye hawezi kutazama juu, kuna paja la mkwe. Nikampigia Mugesi.

"Umepata picha?" akauliza.

"Nimetoboa jiko la mama. Mguu wangu uko ndani."

"Pole! Bahati nzuri leo ni gulio, mama hayupo."

"Yupo."

Nikasikia mtu anaweka simu mezani ili acheke kwa nafasi.

Hapo ndipo mama mkwe alipoanza kuongea. Si na mimi, hapana. Aliongea na kuku.

"Wewe kuku," sauti yake ikapanda polepole, "muulize huyo aliye juu kama ameumia."

Machozi yakanilenga. Nimemtobolea mama wa watu paa, nimemharibia uji, na cha kwanza anachouliza ni kama nimeumia!

"Kuku," nikajibu, "mwambie mama sijaumia, ni mkwaruzo tu. Mwambie naomba radhi sana."

"Kuku, mwambie asivute mguu kwa nguvu, bati litamchana. Ana watoto wa kulea."

(Kuku mwenyewe nilimwona uani anachakura zake. Hakuwa hata na habari.)

Mvua ikaanza. Maji yakapita pembeni ya paja langu, yakadondokea kwenye moto, nikausikia ukilia. Nikajaribu kuziba tundu kwa kile kipande cha msauzi. Maji yakapita chini ya ile migongo yake kama yamealikwa.

"Kuku," mama akasema tena, "haya mabati baba Mugesi aliyabeba kichwani kutoka Kenya, mimi nikiwa na mimba ya Mugesi. Sitaki yang'olewe. Hata jirani yangu lake limetoboka. Tukienda dukani kuomba bati moja la kufanana, tunaambiwa siku hizi hayapo, ezueni yote. Sisi haja yetu ni bati moja."

Wiki mbili Mugesi alikuwa ananieleza jambo hilo hilo, na mimi nasikia kelele. Kumbe hakuwa anazungumzia biashara peke yake. Alikuwa anamzungumzia mama yake, na paa alilokulia chini yake. Niliona aibu, na safari hii si kwa sababu ya mguu.

Baba mkwe akarudi amelowa, akasogeza ngazi, akanitoa taratibu. Tukatupia turubai juu ya tundu, tukaweka mawe. Tukashuka chini.

"Mura," akasema, "umepima vizuri?"

Nilisimama kwenye varanda ya nyumba kubwa nikamwandikia fundi neno moja: "Mawimbi." Nikamtumia na Mugesi neno hilo hilo. Akajibu, "Asante, mume wangu. Pole. Sicheki." (Alikuwa anacheka.)

Ikabaki aibu ya mwisho.

"Baba, samahani, naomba kiatu changu."

Mzee akaenda mlangoni mwa jiko, wakanong'ona, akarudi mikono mitupu.

"Mama yenu amekiosha. Ila anasema atakaa nacho mpaka bati la kwanza litoke kwenye mashine yenu."

Ndani ya jiko nikasikia kicheko. Miaka tisa sikuwahi kumsikia mama mkwe akicheka. Anacheka kama Mugesi kabisa, kile kicheko cha kuishiwa pumzi, na nilisimama pale varandani nikikisikiliza mpaka kikaisha. Nampenda yule mama, na mila hainiruhusu kumwambia, labda nimtume kuku.

Nimerudi Tarime kwenye bodaboda na kiatu kimoja. Mashine bado haijapanda hata meli. Kwa hiyo ndugu zangu, tukikutana mjini miezi hii, nisalimieni vizuri tu, ila naomba msinitazame miguuni.