Mwanao Anawaita Wazee "Re"

Kwako Mama Stavros, huko Ugiriki,

Shikamoo mama. Sasa hivi mwanangu Loveness, wa miaka mitatu, ametoka mlangoni na kikombe cha uji, akamtazama bibi yake kuanzia kandambili mpaka kilemba, akasema, "Re bibi, kaa basi." Shikamoo hakuna. Bibi mwenyewe ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda, katoka Ushirombo.

Neno hilo ni la mwanao, fundi wa mashine ya kuchoronga miamba machimboni, aliyepanga chumba uani kwetu hapa Katoro. Sina ubaya naye. Malalamiko yangu ni haya:

1. Stavros anamwita kila mtu "re". Re Cornel, ndiye mume wangu. Re mzee Masele, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, ambaye hata wake zake wanamwogopa. Mbwa naye re. Nilimuuliza maana yake, akasema haina maana, ni ya kumwita mtu tu. Sasa mama, mzee ataitikia nini? Shikamoo ina marahaba yake.

2. Akishangaa anashika kichwa, "po po po". Loveness anafanya hivyo kanisani, padri akitangaza michango.

3. Bibi huyo, mama mkwe wangu, amekuja kumchukua Loveness akalelewe kwake, eti machimboni mtoto hapati adabu. Nimemfundisha kupiga magoti mpaka yamechubuka, ili bibi aone adabu ipo, aniachie. Ninaye huyu mmoja, na bado analala kashika sikio langu.

4. Jumapili Stavros alikupigia simu, tukasikia anakuita "re mama". Nawe ukacheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Ungemkanya akiwa mdogo, leo nisingekuwa na kesi.

Kwa hiyo naomba umwite nyumbani umlee upya, halafu umrudishe upesi, mashine haina fundi mwingine. Barua hii ataitafsiri yeye mwenyewe. Nimemwambia asiruke kitu.

Nisalimie baba, majirani na padri wenu. Cornel anawasalimu.

Ni mimi mwanao,
Mama Loveness

N.B. Mama, usimwite Stavros kwanza. Bibi ametoka kuniambia hawezi kuingia Ushirombo na mtoto wa hivi, kina mama wa jumuiya watamsema. Eti nikae naye mwenyewe mpaka anyooke. Ila Pasaka atakuja kumwangalia tena, kwa hiyo mwambie Stavros amfundishe Loveness na lile neno analolisema nyundo ikimpiga kidole. Lisimkae sana lakini, maana mwakani anaanza chekechea, na huyo mwalimu wake... Naona bibi ananiita, ngoja nikamwitikie.